Gari la Spoti kwa Barabara za Arusha na Moshi: Cha Kuchukua Kiwandani na cha Kufunga Hapa

Anayeagiza gari la spoti kutoka Japan akiwa Njiro au Shanty Town hachagui vikorombwezo kwa kuweka tiki kwenye fomu ya kiwanda. Mtu mwingine alishachagua, miaka kumi au kumi na mitano iliyopita, akilinunua jipya. Kazi yako ni kumtafuta mnunuzi yule wa kwanza aliyechagua vizuri, ulichukue gari lake.

Kigezo ni kimoja. Kitu ambacho kukifunga baadaye kunataka kushusha gia boksi, kufungua difu au kupitisha waya upya gari zima, kichukue kikiwa kimefungwa na kiwanda. Kitu ambacho fundi wa Unga Limited anakifunga kwa spana kabla ya mchana, usikubali kiongeze bei ya gari mnadani. Watu wengi hufanya kinyume: wanalipia rimu za inchi 18 na spoila, halafu wanakuja kutafuta gia boksi la gia sita kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam.

Mwongozo huu unahusu magari yanayoonekana sana kwetu: Impreza WRX na STI, Forester XT, Altezza, Mark X, na Toyota 86 pamoja na pacha wake Subaru BRZ.

Hatua ya 1: Anza na ukubwa wa injini, si rangi

Ushuru wa bidhaa wa TRA unapanda kwa ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000, na asilimia 10 ikizidi hapo. STI ya gia za mkono ya soko la Japan ina cc 1,994, iko chini ya mstari. STI A-Line ya otomatiki ina cc 2,457, imevuka. Toyota 86 ina cc 1,998, Mark X 250G ina 2,499. Juu ya hapo kuna ushuru wa uchakavu kwa gari lililokwisha kuzeeka, na viwango vinaweza kubadilika kila bajeti ya Juni. Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata senti, ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA, weka modeli, mwaka na cc, uone jumla. Gari mbili zenye bei moja Yokohama zinaweza kupishana kwa mamilioni zikifika Dar es Salaam.

Kisha tenga kiasi kama robo ya bei ya gari, usiiguse. Hiyo ni ya tairi, breki, mkanda wa taimingi na vimiminika. Gari la spoti linalonunuliwa kwa shilingi ya mwisho huishia kusimama uani likisubiri shokapu.

Hatua ya 2: Soma karatasi ya mnada na kibati cha gari

Muuzaji akupe picha ya karatasi halisi ya mnada (ripoti ya ukaguzi ya mnada wa Japan), ya Kijapani, si tafsiri yake peke yake. Daraja 4 au 4.5 ni gari zuri; 3.5 linakubalika kama alama zake ni za juu juu. R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa sehemu ya muundo na kurekebishwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. W moja kwenye mlango haina neno. W mbili kwenye fenda za nyuma za gari la turbo, pamoja na XX kwenye boneti, ni gari lililopigwa mbele na nyuma.

Tazama pia kama limeandikwa kuwa ni la maeneo ya baridi. Gari la namna hiyo huja na betri kubwa na hita nzuri, lakini barabara za kaskazini mwa Japan humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Omba picha za chini: mikono ya shokapu, bomba za breki, kingo za sakafu. Kutu inayobanduka kwa ukucha, achana nalo.

Kibati cha modeli ndicho kinachosema ukweli. Kwa Impreza yenye msimbo wa GDB, herufi inayofuata inakwenda A hadi G kufuata mwaka wa maboresho, na hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana: STI za mwanzo zina habu za PCD (idadi ya boliti na kipenyo cha duara lake) 5x100, na kuanzia modeli ya 2005 ni 5x114.3. WRX ya kawaida ilibaki 5x100. Ukinunua rimu kabla ya kujua hili, utazirudisha.

Ukishapata namba ya chesisi, iingize kwenye tovuti ya kiwanda ya Japan ya magari yaliyoitwa kurekebishwa. Mawili ni ya lazima kuangalia: mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, na springi za valvu za 86 na BRZ za 2012 na 2013, ambazo Toyota na Subaru waliziita mwaka 2018. Kazi hiyo ya springi inataka injini itolewe. Ni afadhali iwe imefanyika kule.

Hatua ya 3: Vya kiwandani vinavyostahili pesa

*Gia boksi.* Hapa ndipo pa kulipa zaidi bila kulalamika. Gia boksi la gia tano la WRX linavumilia nguvu ya kiwandani; ukiiongeza, gia ya tatu huwa ya kwanza kulia. Lile la gia sita la STI ni chuma kingine kabisa. Kugeuza otomatiki kuwa gia za mkono si kubadilisha boksi tu: unahitaji pedali, klachi na flaiwili, propela shafti, kompyuta ya injini inayokubaliana na waya, na difu ya nyuma. Kwa Subaru ya kuvuta miguu minne, uwiano wa mwisho wa mbele (ulio ndani ya gia boksi) lazima uende sawa na wa difu ya nyuma. Difu ya 4.111 ikifungwa nyuma ya boksi la 4.444, mbele na nyuma zinavutana kila mita unayokwenda, hadi difu ya katikati ichemke na kufa. Gari linakuwa zito kwenye kona, linanuka oili iliyoungua, na fundi asiyejua anabadilisha beringi.

*Difu ya LSD.* Ni difu inayozuia tairi moja kuzunguka bure huku nyingine ikikosa nguvu. Kwa Altezza RS200 na 86 ndiyo inayotofautisha gari la spoti na gari lenye sura ya spoti, na si kila daraja linayo. Jaribio la kawaida: inua magurudumu yote mawili ya nyuma kwa jeki, weka stendi, gia huru, handibreki chini, zungusha tairi moja kwa mkono. Nyingine ikizunguka upande uleule, kuna LSD. Ikizunguka kinyume, difu ni ya kawaida. Ila Torsen, aina ya LSD inayofanya kazi kwa meno, ambayo ndiyo iliyomo kwenye 86, ikiwa hewani bila mzigo inaweza kuzunguka kinyume kama difu ya kawaida, ukadhani umeibiwa. Kwa hiyo kwa Torsen amini kibati na katalogi ya vipuri, si jeki.

*Breki kubwa.* Brembo za STI zilizokuja na gari zina thamani kwa sababu diski, kalipa, silinda kuu na ABS vilipangwa pamoja. Gharama yake ni kwamba rimu ya inchi 16 haiingii. Chini ya 17 usahau.

*Siti za Recaro.* Ni nzuri, lakini angalia ubavu wa siti ya dereva upande wa mlango: povu likishakatika, kulijenga upya ni kazi. Ukifikiria kuziongeza baadaye kwenye gari lenye mifuko ya hewa ubavuni, jua kwamba soketi zisipolingana taa ya airbag itawaka daima.

*Tairi la akiba.* Hili wengi hawaliulizi. Magari mengi ya spoti ya karibuni yalitoka na chupa ya gundi na pampu ndogo tu. Gundi inaziba msumari. Haizibi ubavu uliochanika kwenye shimo lenye jiwe kule Longido. Tafuta lenye tairi, au hakikisha shimo la tairi lipo kwenye buti.

Vya kuepuka ni vingi na havihitaji maelezo marefu. Shokapu za umeme: zikifa, moja inagharimu kama seti nzima ya kawaida. Sanrufu: vumbi letu huziba mirija ya kutolea maji, na mvua za Aprili zinaingia kwenye zulia. Lipu ndefu ya bampa: itaachwa kwenye tuta la kwanza. Redio na navigesheni ya kiwandani isikushawishi, kwa sababu FM ya Japan inaanzia 76 na haifiki 108, ramani ni ya kwao na maandishi ni ya kwao. Na daraja la RC la Toyota 86 lilitengenezwa kwa watu wa mashindano: halina AC, na rimu zake ni za chuma. Ni rahisi kwa sababu hiyo, na muuzaji huenda asikukumbushe.

Hatua ya 4: Kabla ya kuongeza chochote, lirudishe gari kwenye sifuri

Odomita na kijitabu cha huduma ni vitu vya kuheshimu, si vya kuamini. Injini za EJ za Subaru na 3S-GE ya Altezza zina mkanda wa taimingi, wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama hakuna stika yenye tarehe, badilisha wote pamoja na tenshona, roli na pampu ya maji. Kwenye EJ ya turbo mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni, na hapo hadithi inakuwa ya injini nzima. FA20 ya 86 na 4GR ya Mark X zina mnyororo.

Vimiminika: EJ20 ya turbo huchukua oili lita 4 hadi 4.5, FA20 ya 86 karibu lita 5.4. Gia boksi la gia tano la WRX lita 3.5, la gia sita lita 4.1, zote oili ya 75W-90 ya daraja la GL-5. Difu ya nyuma lita 0.8, au lita 1 kwa ile kubwa ya STI. Kwenye EJ ya turbo fungua boliti ya mrija unaopeleka oili kwenye turbo. Ndani yake kuna kichujio kidogo cha wavu. Kikiziba masizi, turbo inakaukiwa na kuvunjika, na aliyefunga turbo mpya bila kukigusa atafunga nyingine.

Hatua ya 5: Tairi na rimu

Shilingi ya kwanza ya maboresho iende hapa. Kwa barabara zetu chagua rimu ndogo kadiri breki zinavyoruhusu. Hesabu iko wazi: 205/55R16 ina ubavu wa milimita 113, 225/45R17 ina 101, na 225/40R18 ina 90, ilhali kipenyo cha nje kinakaribiana. Milimita hizo 23 za mpira ndizo zinazosimama kati ya rimu na shimo la Sakina usiku wa mvua. Kwa 86 na Mark X, inchi 16 au 17. Kwa STI yenye Brembo, 17.

Rimu ilingane PCD, ofseti (umbali wa uso unaogusa habu kutoka katikati ya upana wa rimu) na tundu la katikati. Tundu la Subaru ni milimita 56.1, Mark X na Altezza ni 60.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi iwekewe ringi ya katikati, la sivyo usukani utatetemeka hata baada ya balansi mara tatu. Nati za Subaru ni M12x1.25, za Toyota M12x1.5, na 86, ingawa ina nembo ya Toyota, inatumia za Subaru. Fundi akilazimisha nati ya Altezza kwenye 86 kwa bunduki ya upepo, itaingia kwa kukata uzi wa boliti. Anza kila nati kwa mkono, malizia kwa spana ya torki Nm 100 hadi 120 kulingana na modeli, na uzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kwenye Subaru ya kuvuta miguu minne, tairi zinabadilishwa nne kwa pamoja. Mzunguko wa tairi usipishane zaidi ya milimita 6 hivi, maana tofauti hiyo inaifanyisha kazi difu ya katikati hata kwenye barabara iliyonyooka. Na usome tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini limepita miaka sita ni mpira mgumu. Kwenye lami ya mvua linateleza kama sabuni.

Hatua ya 6: Breki na shokapu

Teremka kutoka Marangu hadi Himo, au ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Karatu hadi Mto wa Mbu, na utajua kama oili ya breki ni nzee. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya unyevu 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Ikichemka kunakuwa na mvuke kwenye bomba, na pedali inazama hadi chini. Weka DOT 4 nzuri au 5.1, badilisha kila baada ya miaka miwili, na utoe upepo gurudumu kwa gurudumu. Hiyo pamoja na pedi za daraja la juu kidogo inatosha kwa mtu asiyekimbia rali. Pedi za mashindano ziache: zikiwa baridi hazishiki, na asubuhi ya Julai Arusha ni baridi.

Kuhusu kulaza gari. Toyota 86 ina nafasi ya milimita 130 tu chini yake ikitoka kiwandani. Matuta yetu hayana kipimo kimoja, na ukilishusha hata milimita 20 unaanza kuyapita kwa pembe, huku bodaboda zinakupigia honi. Ushauri wetu: acha urefu wa kiwandani, nunua shokapu nzuri, badilisha bushi za mikono na linki za stabilaiza. Gari litashika kona kuliko lililolazwa kwa springi za bei poa. Kukata springi kwa grainda ni kosa lisilo na mjadala: springi inakuwa ngumu na fupi, shokapu inagonga mwisho wake kila tuta, na gari likinyanyuka springi inaweza kutoka kwenye kikalio chake. Ukimaliza, fanya wili alaimenti ukiwa na mafuta nusu tangi: kamba (mwinamo wa tairi) ya mbele kiasi cha nyuzi hasi 1 hadi 1.5, na toe (tairi kuelekea ndani au nje) sifuri.

Hatua ya 7: Hewa, joto, halafu nguvu

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi kati ya 800 na 900. Kanieneo ya hewa Arusha ni karibu bar 0.86, Moshi 0.91, pwani 1.01. Injini isiyo na turbo inapoteza takribani asilimia 13 hadi 15 ya nguvu zake Arusha. Farasi 200 za 86 zinabaki 170 na kitu. Hakuna filta wala ekzosi itakayozirudisha, kwa hiyo usiuziwe ndoto.

Turbo inajitetea, lakini kwa gharama. Chukua injini inayosukuma bar 1.2 pwani: ukijumlisha na hewa ya nje, jumla ni 2.2. Ili kufikisha 2.2 ileile Arusha, turbo lazima isukume 1.34, na uwiano wa kubana wa turbo (jumla ukiigawa kwa hewa ya nje) unapanda kutoka 2.2 hadi karibu 2.6. Inazunguka kasi zaidi, hewa inatoka moto zaidi, na intakula (kipoza hewa ya turbo) inalemewa. Sasa igeuze. Mtu amefunga kidhibiti cha turbo cha mkono, ameseti 1.3 kwenye geji akiwa Kijenge, Arusha, gari tamu. Anashuka Tanga. Geji bado inasoma 1.3, lakini jumla sasa ni 2.3 badala ya 2.16, hewa ni nzito, joto ni kali, na petroli ya pampu haifiki oktani 100 ambayo Wajapani walipangia injini hizi. Injini inagonga ndani kwa ndani, na pistoni inapasuka kwenye kingo za ringi. Mwenyewe atasema ni oili mbaya.

Kwa hiyo mpangilio ni huu. Kwanza safisha rejeta na intakula kwa maji ya kawaida kutoka ndani kwenda nje, badilisha kifuniko cha rejeta na kulanti. Filta ya hewa ibaki ya karatasi, ndani ya boksi lake, ikaguliwe kila kilomita 5,000. Vumbi la Meru ni la volkano, linasaga, na filta za koni zilizopakwa oili hulipitisha na kuchafua sensa ya hewa. Ekzosi ya nyuma ya kataliti ukitaka sauti, sawa. Bomba linalotoka kwenye turbo usilibadilishe bila kupanga kompyuta upya, maana turbo itapanda kupita kiasi na injini itakata mafuta ghafla. Valvu ya kupuliza nje, ile ya "pshii", iache kwenye magari yenye sensa ya hewa: hewa iliyokwisha kupimwa inamwagwa, na injini inajaa petroli kila unapobadili gia.

Kupanga kompyuta kunakuja mwisho. Fundi apange kwa mafuta ya pampu unayotumia, awe na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta na arekodi mgongano wa injini, siyo kusikiliza kwa sikio. Mwambie wazi kwamba gari litashuka pwani, na lengo la turbo liwekwe kwa kanieneo kamili (ile jumla ya turbo na hewa ya nje), si kwa geji. Fundi asiyeelewa sentensi hiyo, mshukuru na uondoke.

Hatua ya 8: Karatasi

Ukibadilisha injini, namba mpya lazima iingie kwenye kadi ya gari kupitia TRA. Bila hivyo gari haliuziki kwa amani. Bima kubwa nayo ielezwe kwa maandishi yote uliyofunga, pamoja na risiti za rimu na breki. Usipoyataja, tathmini siku ya ajali itafanywa kwa gari la kawaida, na mpangilio wa kompyuta ambao hukuutaja unaweza kuwa sababu ya kukataa dai zima. Vifaa vya kiwandani ulivyotoa, vifungie stoo vikiwa na lebo: mnunuzi wa baadaye atavidai kabla hajauliza kilomita.